Besi ya Kusimama na Mkono Wangu wa Kushoto

Marangu, Jumamosi, 19 Novemba 2005

Mvua imekatika tangu alfajiri, lakini migomba bado inadondosha maji. Mlima ulijitokeza kidogo asubuhi, kisha ukajifunika tena. Wiki nzima nilikuwa na uzito kifuani. Leo umetoka wenyewe, bila dawa.

Jumatatu nilikuwa niishushe besi ya kanisa Moshi mjini, ikapasuliwe kwa ajili yangu.

Haitapasuliwa.

Kwa aliyefika kwenye blogu hii leo tu: besi ninayoisema ni ile ya kusimama, mfano wa fidla iliyokua mpaka ikampita mtu kimo. Familia moja ya Kigoa iliyohamia Kanada iliiachia kwaya yetu, na hakuna anayejua kuipiga. Mwezi uliopita mwalimu wa kwaya, Anjelina, binti mwenye haraka na heshima kwa pamoja, alinijia nyumbani.

"Shikamoo babu. Wewe umeimba besi huko Zambia miaka yote, na noti unazisoma. Tushikie hii. Krismasi watu wote wanarudi nyumbani. Ikifika bila mpigaji, paroko anaipeleka parokia nyingine."

Nilikubali kabla hajamaliza. Enzi zile nafanya kazi ya uchapaji Ndola, huko huko Zambia, nilizoea kusimama mlangoni mwa ukumbi wa hoteli kumtazama mpigaji wa besi ya namna hiyo. Siku moja aliniruhusu niiguse. Nikapeleka mkono wa kushoto kuzivuta nyuzi, bendi nzima ikacheka. "Kijana, hii ni ya watu wa kulia," akasema, akaivuta kwake.

Mimi ni mtu wa shoto. Darasani, hapa hapa Marangu, mkono huo ulifungwa kwa kamba ya mgomba ili wa kulia ujifunze kuandika. Nyumbani, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, niliipokea kwa mkono wa kulia, la sivyo ilinipita. Nilipoondoka nilijiambia hakuna atakayenigeuza tena. Zaidi ya miaka thelathini nimeishi kwa watu nikiandika na kula kwa shoto, bila kumwomba mtu radhi.

Kwa hiyo besi niliikubali kwa sharti: igeuzwe.

Nimesoma kila nilichokipata kwenye intaneti. Kubadilisha nyuzi tu, nene zikae upande wa nyembamba, hakutoshi. Ndani, chini ya nyuzi nene, kuna ufito mrefu uliogundishwa kwenye ubao wa mbele. Upande wa nyembamba kuna kijiti kilichosimama kati ya ubao wa mbele na wa nyuma, bila gundi, kimebanwa tu. Ukigeuza nyuzi ukaviacha hivyo viwili mahali pake, sauti nene inatoka kama ya mtu anayeongea na shuka mdomoni. Wapo wanaovumilia. Wapo wanaoagiza besi iliyoundwa kwa shoto tangu mwanzo, jambo nililolifuta siku hiyo hiyo. Wapo wanaoacha nyuzi zilivyo, wakasimama upande wa pili na kupiga juu chini. Kwa vidole inawezekana, kwa upinde ni vita. Na wapo wengi, hili nililisoma haraka haraka, wanaojifunza kama watu wengine wote.

Mimi nilichagua ipasuliwe na kupangwa upya ndani. Fundi Jaswant, seremala wa mjini anayetengeneza na vinanda, alichungulia matunduni kwa tochi na kioo.

"Mzee, kuifungua nitaifungua," akasema. "Lakini kuifunga ikaimba kama zamani, hapo usiniapishe."

Nikamwambia nitaileta Jumatatu.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Besi si yangu. Ikiharibika, watu watakaopanda kutoka Dar na Arusha mwezi ujao wataambiwa kwamba yule mzee aliyerudi kutoka Zambia ameivunja. Aliyekaa mbali muda mrefu anaogopa hilo kuliko umaskini: kurudi kwao akawa mgeni anayevunja vitu.

Leo asubuhi tulikuwa kihambani, shamba letu la nyumbani, tukichuma kahawa, mimi na dada yangu Felista. Nusu ya mibuni ameing'oa akapanda mboga. Nusu iliyobaki anailinda kwa wivu. Alikuwa akiwasema vibarua wa jirani wanaochanganya mbivu na mbichi.

"Wewe angalau mkono wako una macho," akaniambia.

"Mkono upi?"

"Huo mbaya. Wa kulia ni wa kuvutia matawi tu, kama kamba ya mbuzi. Juzi ulijaribu kuuchumia ukaniletea majani. Nikadhani mdogo wangu anataka kupika chai."

Nikasimama na tawi mkononi.

Wa kulia unavuta, wa kushoto unachagua. Ndivyo nilivyochuma tangu utotoni. Na kwenye besi, kama ilivyo sasa, bila kuguswa na seremala, mkono wa kulia unavuta uzi. Wa kushoto ndio unaopanda na kushuka shingoni ukichagua noti.

"Mbuni umekuuma?" Felista akauliza.

"Nakwenda kanisani."

"Kuungama ni jioni! Umetenda nini cha haraka hivyo?"

Anjelina alinifungulia chumba cha kwaya. Niliisimamisha besi kama watu wote wanavyoisimamisha, nikabonyeza kwa shoto, nikavuta kwa kulia. Noti ya kwanza ilikwaruza. Ya pili niliisikia tumboni. Anjelina akaanza wimbo wa kuingilia, taratibu, nami nikamfuata kwa noti nne, nikikosea.

"Babu, hiyo fa umeipandisha mlimani."

"Nitaishusha kabla ya Krismasi."

Nilimpigia simu Fundi Jaswant pale pale nimwambie asiifungue. Akacheka. "Umeniponya, mzee. Mke wangu alishanikataza. Anasema kitu cha kanisa kikinifia mikononi nisimtaje."

Kumbe tulikuwa wawili tusiolala.

Nilidhani kupiga hivyo ni kufungwa kamba tena. Sikujisikia nimefungwa. Mkono ule ule wa darasani ndio uliopewa kazi ngumu, na kazi yenyewe inauhitaji. Je, ni mambo mangapi mengine niliyakataa kwa sababu tu ya ile kamba ya darasani? Sitayatafuta yote leo.

Jumatatu nitashuka mjini mikono mitupu, kuyachapa haya kwenye blogu tu.

Jioni hii Felista amenipa kata ya mbege. Nimeipokea kwa mkono wa kulia, kama tulivyofundishwa, na sikuona vibaya. Wa kushoto ulikuwa umelowekwa kwenye bakuli la maji ya chumvi, ncha za vidole zikiwaka moto kwa kubonyeza nyuzi.