Kwa Zuwena, Aliyewajua Farasi Kabla Hawajakimbia

Zuwena shoga yangu,

Salamu ninazo, lakini zitangoja. Nijibu kwanza: ulijuaje kwamba yule farasi wa kijivu angeshinda? Na yule mwekundu mwenye miguu myeupe, siku ile tuliyokula mihogo ya nazi? Na yule jike aliyekuwa akichechemea walipokuwa wakitembezwa, mimi nikakucheka mpaka chai ikanipalia, halafu akawaacha wenzake mbali? Wewe ulikaa kwenye kiti chako, ukavuta kanga, ukasema, "Roho yangu imempenda yule." Basi. Roho yako ikishapenda, farasi anashinda, na mimi narudi nyumbani kukusukia ukili.

Mimi roho sikuitegemea. Mimi nilifanya kazi. Hapa Mafia hakuna farasi, tumezeeka wote wawili bila kumgusa hata mmoja. Mnyama wa kupandwa tuliyemjua ni punda, na tulimjua kwa mateke yake. Lakini kaka yako alipokuja kutoka Maskati akakuwekea lile dishi juu ya bati, stesheni ya Waarabu ikaingia, na farasi wakaingia nayo. Tangu siku hiyo nikawa nao kichwani wiki nzima. Nimesimama kwenye mwani, maji yapo magotini, nafunga kamba, nawaza: Tufani safari iliyopita alikimbia kwenye majani akachoka mwishoni, lakini wiki hii ni mchanga, na mchanga anaupenda. Sabri ana mbio, ila kijana anayempanda, yule wa fulana ya kijani, anavuta hatamu mapema mno. Yule kijana namshuku mpaka leo. Nilitazama jasho, maana farasi anayetoka povu mapajani kabla hajakimbia ameshajimaliza kwa woga. Nilitazama masikio na mkia. Majina yao tuliyasoma wenyewe, herufi kwa herufi, kama tulivyofundishwa Kurani chuoni utotoni, tukigombana ni Sabri au Sabra. Wewe, sasa nakumbuka, hata hukuwa unawatazama sana. Ulikuwa unanitazama mimi.

Hela hatukuwekeana, hela ingekuwa kamari. Tuliwekeana ukili: atakayeshindwa anasuka utepe wa ukindu, mwembamba, wa rangi, wa kushonea mkeka, anampelekea mwenzake. Tukajiambia hiyo si kamari, ni kusaidiana kazi. Nilitaka kumuuliza sheikh ukanikataza. Hapo pia ningepaswa kushuku, lakini sikushuku.

Sasa nikueleze yaliyotokea, na nitayaeleza kwa mpangilio, maana wewe hukupenda hadithi inayoanzia katikati.

Siku tuliyokuosha, kabla jeneza halijatoka, kaka yako alisimama uani akauliza kama inavyoulizwa: anayemdai marehemu ajitokeze, na asiyetaka kudai amsamehe. Sisi wanawake tulikuwa ndani. Wengine walinong'ona tu. Mimi nilisema kwa sauti mpaka wanaume wa nje wakageuka: "Simdai kitu. Nimemsamehe yote, ninayoyajua na nisiyoyajua." Nililia nikisema. Ulibebwa na neno langu hilo, Zuwena. Ulitoka nalo mlangoni.

Tangu hapo mambo ni yale yale, ila hayana ladha. Paka wako amehamia kwangu na ananichunguza kila ninachokula. Nadhani anahesabu vitafunio. Jirani yako wa upande wa minazi amesogeza ua wake, kidogo, akidhani hakuna anayeona. Nimeona. Na mimi mwani nimeuacha kwa muda kwa sababu ya goti, kwa hiyo baada ya arobaini yako nikawa naenda kwako asubuhi kumsaidia Salma kazi. Mwanao amekonda. Harusi yake bado ipo, wakwe wamekubali kungoja mpaka mfungo sita, mwezi wa Maulidi, upite.

Ndiyo asubuhi moja, Jumanne, Salma ameenda kisimani, mimi nimewasha televisheni nipate sauti ndani ya nyumba. Nikakuta farasi wanatembezwa. Nikakaa. Nikamchagua wa kahawia mwenye shingo nene, akashindwa na mweusi mmoja ambaye sikumpa hata dakika. Karibu na mstari wa mwisho kuna mzee kilemba kilimdondoka kwa furaha, akakiokota akakivaa kichwani kombo. Nikacheka peke yangu. Halafu nikakigeukia kiti chako.

Baada ya alasiri nikarudi, kwa mazoea. Farasi wanatembezwa. Wa kahawia mwenye shingo nene, yule yule. Nikasema moyoni, masikini, wanamkimbiza mara mbili kwa siku, hawa watu hawana huruma. Wakakimbia. Mweusi akashinda. Na pale mwisho, Zuwena, yule mzee kilemba kikamdondoka, akakiokota, akakivaa kombo.

Niliikodolea televisheni macho mpaka Salma akaniuliza kama nimepatwa na kizunguzungu.

Siku ya pili nikajaribu tena, nisije nikamsingizia maiti. Asubuhi jike mweupe. Alasiri jike mweupe. Alhamisi hivyo hivyo. Yale ya alasiri yalikuwa marudio. Miaka yote! Na nani alinizoesha kuja alasiri? "Asubuhi pana kazi nyingi, Mwaju, njoo alasiri ndipo wanapokimbia." Wewe asubuhi umeshakaa hapo peke yako, umeshamwona mshindi, umeshazima. Mimi nakuja na jasho langu la farasi na masikio ya farasi, wewe unanikaribisha kahawa na roho yako iliyopenda.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilitoka bila kuaga. Nilimfukuza paka wako. Nikalala na swali moja ambalo sikumwambia mtu: je, nimekusamehe au sikukusamehe? Nilisamehe nisiyoyajua, ni kweli, lakini mtu anaposema hivyo anafikiria labda ulimteta, labda ulivunja sahani yake ukaificha. Hafikirii wizi wa miaka. Na kama sijakusamehe, basi neno langu la mlangoni lilikuwa uongo, na wewe huko uliko unalitegemea. Niliswali nikashindwa kukuombea. Kila nikifungua mikono naona ukili wangu, wa zambarau, wa kijani, unatoka mlangoni kwangu unaingia kwako.

Halafu nikaanza kujiuliza ukili ule ulikwenda wapi. Mikeka mipya kwako sikuiona. Nikasema, ameuza. Amempa yule mfanyabiashara wa Kilindoni, au umepelekwa Utende kwa wageni wa mahoteli, na ile safari yake ya Dar, aliyosema anakwenda kusalimia ndugu, ilikuwa safari ya kutumbua jasho langu. Kila nilichokumbuka kilikushtaki. Kwamba mwaka huu wa mwisho ulikuwa hunimiminii tena kahawa, unaniambia, "Mimina mwenyewe, si mgeni wewe." Kwamba ulianza kula wali kwa kijiko, nikasema moyoni, haya, umeanza Uarabu wa Maskati, sisi wa mwani tutaendelea na vidole. Kwamba rimoti uliishika kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Nikasema, sasa najua kwa nini uliogopa.

Ijumaa nikamwendea Salma kwa ujanja. Nikamsifu mikeka ya zamani ya nyumba hii, nikamuuliza mama yake siku hizi za mwisho alikuwa anasuka nini. Mtoto akanitazama. Akasema, "Mama, kwani hukujua? Marehemu alikuwa hasuki. Vidole vilikuwa havishiki."

Nikamwambia aseme tena.

"Vilianza kufa ganzi. Dar alikwenda hospitali, akaambiwa ni mishipa. Ukindu ulikuwa unamponyoka, akawa analia." Akaingia chumbani kwako akatoa mikeka, imekunjwa vizuri kwenye kanga. Mikeka ya harusi yake. Wewe uliwaambia wakwe kwamba binti yako ataingia kwa mikeka iliyosukwa na mkono wa mama yake, na mkono ukakukatalia. Ameishona Salma mwenyewe, wewe ukimwelekeza kwa mdomo. Nikaugusa ukili. Mtu anaujua mkono wake, Zuwena. Pale nilipokuwa na hasira na wifi yangu nimebana mno, pale nilipokuwa na homa umelegea. Ulikuwa wangu wote.

Nikamuuliza kwa nini hukuniomba. Ningekusukia mpaka mkeka wa kufunika kisiwa. Salma akasema alikuuliza hivyo hivyo, na wewe ukamjibu: "Mwajuma akianza kunionea huruma, hatanibishia tena."

Nililia vibaya, shoga. Nililia kuliko siku ile. Mimi ninayemshuku mpanda farasi wa nchi nisiyoijua, ninayejua jirani amesogeza ua kwa kiganja, nilikaa mbele ya mikono yako kila siku nikaona kijiko, nikaona rimoti, nikaona kikombe, nikashuku maringo. Ugonjwa sikuushuku hata mara moja. Na ungeniambia, kweli, ningekuonea huruma. Ningekuja na uji. Ningesema ndiyo kwa kila farasi uliyemtaka. Ulinijua.

Lakini sijamaliza. Mkeka mmoja haujatimia. Ule mkubwa, wa kutandikwa chini siku bibi harusi anapotolewa, umebaki upande mmoja. Nikamwambia Salma nitausuka ukili uliobaki, nianze leo. Akakataa. Kwa adabu, macho chini, lakini akakataa: "Hapana mama, umeshatoa mwingi bila kujua. Marehemu aliniusia nisichukue cha bure kwa mtu." Kiburi chako kimekaa pale pale usoni mwake, hakuna hata kilichopungua.

Ndipo nikakumbuka mbio kubwa za Jumamosi. Unakumbuka? Walizitangaza siku zako za mwisho, tukawekeana. Ulikuwa kitandani. Mimi nikashika Tufani, kwa sababu ya mchanga. Wewe ukasema roho yako imempenda Sabri. Hizo hazikuwa zimekimbiwa popote, asubuhi wala alasiri. Ndiyo roho yako ya kweli, ya kwanza na ya mwisho.

Jumamosi asubuhi nilimtuma Salma Kilindoni kuninunulia dawa ya goti ambayo siihitaji. Nikakaa kwenye kiti chako, nilikuwa sijawahi kukikalia. Sabri alitoka vizuri, sikatai. Nilimshangilia kwa sauti, mimi, Mwajuma, niliyemtukana msimu mzima. Kwenye kona yule wa fulana ya kijani akavuta hatamu, nilisema mimi, nilisema! Tufani akapita. Alishinda kwa shingo mbili. Nimekushinda, Zuwena. Ile moja tu iliyokuwa ya haki, nimekushinda.

Salma aliporudi nikawa nimenuna pale uani. Nikamwambia mama yake kanimaliza hata akiwa kaburini, Sabri ameshinda, na deni ni deni, nitasuka ukili wa upande uliobaki na asithubutu kuukataa, kwa sababu hicho si cha bure, hiyo ni haki ya marehemu. Waya wa dishi ulikuwa umechomoka kwa bahati mbaya, alasiri hatukuona kitu. Mtoto alilitazama dishi. Akanitazama mimi. Ana macho yako, yale ya kunitazama mimi badala ya farasi. Kisha akasema, "Basi mama, ukindu upo ndani, ulowekwe leo?"

Nikamwambia uloweke.

Nimeanza. Natia zambarau na kijani kama ulivyopenda, na ninausuka mahali ambapo kiti chako kinaniona. Nakuahidi siku ya kutolewa Salma mkeka utakuwa umetandikwa, umetimia pande zote, na mtu akiuliza ni mkono wa nani nitasema ni wa mama yake. Nitasema uongo huo mbele ya wakwe wote, na wewe utautetea huko.

Salamu zangu ndizo hizi sasa, zipokee. Paka nimemrudisha. Ua wa jirani nitaushughulikia. Na lile neno nililolisema mlangoni nalisema tena, polepole, bila watu: simdai kitu Zuwena, nimemsamehe, na safari hii najua ninasamehe nini.

Shoga yako anayekubishia,
Mwajuma