Ncha ya Pili ya Kamba

Ngombezi,
Korogwe.
14 Machi, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Denis,

Marahaba, maana najua hapo ulipo umeshaniamkia. Mpanda hamjambo? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila Baba macho yanazidi kuingia ukungu. Siku hizi ananitambua kwa sauti.

Hata hivyo kutulia hawezi. Alikusokotea kamba ya kumfungia mtamba wako wa mahari, yule anayekutunzia. Akaisahau zizini, mtamba akaitafuna ikabaki kipande cha kufungia kuni. Baba alinuna siku mbili. Miaka thelathini kwenye kiwanda cha mkonge hajaona kamba ikiliwa.

Aliyemtuliza ni Ritha wangu, yuko kidato cha tatu sasa. Alimweleza kuwa singa, zile nyuzi za mkonge, ni sukari iliyoungana minyororo mirefu, inaitwa selulosi, na ndiyo inayosimamisha kila mmea hadi bua la mahindi. Tumbo letu haliwezi kuifungua minyororo hiyo. La ng'ombe lina vijidudu vya kuifungua, ndiyo maana akashiba. Hata gamba la mende, eti, limejengwa kwa sukari ya ukoo huo.

Na unajua hospitali wamemkataza sukari! Baba alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe miaka yote nimebeba sukari kichwani, halafu daktari ananinyima kijiko kimoja cha chai?" Jirani yetu Mzee Mhina akalamba singa ahakikishe, akasema mtoto muongo.

Sasa Baba ameanza kamba nyingine. Kusokota kunataka watu wawili, na mshika ncha ya pili ulikuwa wewe, ukilegeza anakukaripia. Nikijitolea ananikatalia, anasema mshikaji wake yupo. Ncha yako ameifunga kwenye nguzo ya mlango.

Denis, nimekukasirikia, na nimekukumbuka mno. Miaka minne! Yale maneno mliyorushiana na Baba siku unaondoka, yeye hayataji tena. Baada ya Pasaka anapasuliwa macho, na daktari hakutuahidi kitu. Njoo kabla, akuone hata kivuli.

Ritha anakusalimu, na Mzee Mhina pia. Mungu akulinde njiani. Njiani, nasema, si huko huko Mpanda.

Humu ndani nimekuwekea singa moja. Baba kaichagua mwenyewe kwa vidole. Anasema uje nayo, kamba haitafungwa mwisho bila hiyo.

Dada yako akupendaye,
Evodia