Ufunguo Niliouvaa Shingoni

Mama Akai,

Ejok? Najua hutajibu, lakini nikianza bila kukusalimia nitasikia sauti yako ikiniuliza kama nililelewa na punda. Nakuandikia nikiwa Lodwar, kwenye hoteli ya Wasomali karibu na steji ya magari ya Kakuma. Niliagiza chai nikaiacha mpaka ikapoa. Niliitwa huku nije nipewe barua ya pongezi. Ndiyo, mimi, Ewoi wako, nimepongezwa. Wameandika jina langu kwa herufi kubwa, na chini yake wakasema nilitunza mali ya mradi kwa uaminifu mkubwa katika kipindi kigumu.

Mama, kipindi kigumu wanachosema ni kile ulichokufa wewe.

Kuna jambo sikukwambia ukiwa hai, na nisipokwambia leo sijui nitaliweka wapi. Lakini wacha nianze mwanzo, maana nikilirukia tu mkono utakataa kuandika.

Siku kliniki yetu ya Lopur ilipofungwa ulikuwepo. Nesi alipigiwa simu asubuhi, akasikiliza, kisha akavua koti lake jeupe akalikunja vizuri kama anayekwenda kulirudisha dukani. Msaada umekatwa huko ng'ambo, alisema, kazi imekwisha leo. Kufikia adhuhuri magari yalikuwa yamepakia viti, friji ya chanjo na hata pipa la kunawia mikono. Kilichobaki uwanjani ni kontena la dawa, kwa kuwa halikuwa na wa kulibeba. Ofisa wa mradi akanipa ufunguo mimi, mtunza stoo. Alizungusha kamba ya plastiki yenye namba juu ya kufuli, akanitilisha sahihi kwenye karatasi kwamba lisifunguliwe mpaka timu ya kuhesabu ije. Halafu akaniambia kwa upole kwamba mradi ukirudi, waliotunza vizuri ndio wataandikwa kazi kwanza.

Nilivaa ule ufunguo shingoni. Ulicheka hadi ukashika mbavu. Ukaniita Waziri wa Kufuli. "Wanawake wanavaa shanga, wewe unavaa chuma," ukasema, na kuanzia siku hiyo kila ukinipita uwanjani ulinipigia saluti. Nilijifanya nimeudhika, lakini kusema kweli nilijiona mtu.

Wewe hukuwa na ufunguo wala karatasi. Watu walikuita daktari na elimu yako yote ilitoka kwenye semina za siku mbili mbili hapa Lodwar, za soda na chapati, ambako ulikuwa ukibishana na walimu. Ndiwe uliyenifundisha kufinya ngozi ya tumbo la mtoto nione kama inarudi haraka au inabaki imesimama. Ulinifundisha sukari vijiko sita, chumvi nusu kijiko, maji lita moja, na kwamba mgonjwa akitapika unangoja kidogo kisha unaanza tena, kijiko kimoja kimoja, hata kama mkono unauma. Wakati wa korona tuliletewa katoni za sabuni, nawe ukamuuliza ofisa mbele ya watu, "Na maji ya kunawa, iko kwa katoni gani?" Sote tulicheka. Yeye pia alicheka, akaandika kwenye daftari, na maji hayakuja.

Baadaye mvua ilinyesha milimani na laga ya Tarach, ule mto wetu mkavu, ikashuka kwa nguvu siku moja, ikapita, ikaacha matope na mizoga ya mbuzi. Pampu ya kliniki ilikuwa imekufa tangu waondoe mashine ya umeme wa jua. Watu wakarudi kuchimba visima vya mchanga. Wa kwanza kuharisha maji meupe alikuwa mke wa jirani yako. Ulimwangalia mara moja tu, ukatoka nje ukaniambia, "Ni kipindupindu. Usiite jina mbele ya watoto."

Ulianza kutembea boma kwa boma na mfuko wako wa sukari. Lakini watu hawakubaki majumbani. Sitasahau vile ulivyoshika kiuno ukiwatazama. Waliwabeba wagonjwa wao kwa mikeka wakaja kuwalaza nje ya geti la kliniki iliyofungwa, familia baada ya familia, kwa sababu hapo ndipo gari la msaada husimama. Siku mbili baadaye geti lilikuwa kama soko. Walikuwa wakinywea kopo moja, wazima kwa wagonjwa, na choo kilikuwa nyuma ya vichaka, pale pale juu ya laga.

Uliwapigia kelele. Uliwaambia bibi yako alikuwa akisimulia ugonjwa wa zamani, jinsi ulipoingia kwenye boma moja, kila familia ilichukua mifugo yake na kwenda upande wake, na hakuna aliyekula na mwenziwe mpaka nyota zibadilike. Hawakungoja kuambiwa na mtu. Walitawanyika wenyewe, wakapona wengi. "Nyinyi mnafanya nini? Mnakusanyika!" ulisema. Yule mzee mwenye fimbo ya shaba akakujibu bila hasira, "Mama Akai, sisi tukienda, gari ikikuja itatuona wapi? Wakihesabu watu na sisi hatuko, tutaandikwa na nani?" Na wengine wote wakaitikia. Uliketi chini na wewe, ukaanza kuchanganya maji ya chumvi.

Siku hiyo jioni ndipo uliponiomba. Hukupaza sauti. Ulisema, "Ewoi, fungua hiyo kitu." Mle ndani kulikuwa na dripu, glavu, klorini, na katoni za zile pakiti za kuchanganya na maji, na hilo wewe ulilijua kama mimi. Nikakwambia ngoja nipige simu. Nilikwenda nyuma ya kontena, nikaongea na ofisa, nikarudi nikakwambia, "Wamekataa."

Mama Akai, hawakukataa.

Hilo ndilo jambo. Ofisa alikuwa kwao, naye hakuwa na kazi tena, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yangu. Aliniambia, "Ewoi, mimi siwezi kukwambia fungua, na siwezi kukwambia usifungue. Tumia akili yako. Lakini usitaje jina yangu." Nilitumia akili yangu. Nilifikiria karatasi niliyoitia sahihi, nikafikiria polisi, nikafikiria lile neno la kuandikwa kwanza. Nilitaka kazi. Nina watoto wanne na kwenye ukoo wetu wote mimi ndiye peke yangu niliyewahi kuwa na mshahara. Basi nikasingizia watu wasiokuwepo, nawe ukaniamini kwa sababu kukataa ndiko tulikozoea kutoka kwao. Uliniambia tu, "Haya. Wewe ndio uliweka sahihi." Ukarudi kwa wagonjwa wako.

Uliugua kesho yake asubuhi. Ulijificha saa nzima, ukasema ni uchovu, mpaka miguu ilipokataa. Nilikulaza chini ya ule mgunga mdogo ulio ndani ya geti, hatua ishirini kutoka kontena. Nimezihesabu mara nyingi tangu hapo. Nilikunywesha kijiko kimoja kimoja vile ulivyonifundisha, ukatapika, nikangoja, nikaanza tena. Mtu wa pikipiki alileta habari kutoka Kakuma kwamba gari limeruhusiwa na litafika saa sita. Nikakwambia, "Mama, gari inakuja." Nilikwambia hivyo tena saa saba. Saa nane macho yako yalikuwa yamezama kiasi kwamba nilikufinya ngozi ya tumbo, sijui kwa nini, nilijua jibu. Haikurudi.

Hata wakati huo sikufungua. Nataka uelewe kwamba sikusahau. Ufunguo ulikuwa unakugusa mkononi kila nilipokuinamia na kijiko, na mara moja uliushika kwa vidole viwili. Sijui kama ulijua ulichoshika. Nilingoja gari. Ulikufa kabla ya saa tisa na mimi bado natazama barabarani.

Gari lilikuja siku ya tatu. Watu wenye mabuti walikupulizia klorini, wakakufunga kwenye plastiki, na hakuna aliyeruhusiwa kukugusa. Katekista alisoma kutoka mbali, haraka haraka, kama anayeogopa maneno yatamwambukiza. Akai wako alifika kutoka Lodwar ukiwa umeshafungwa. Alisimama ukingoni mwa kaburi na khanga yake kichwani, akaniuliza swali moja tu, "Ewoi, dawa haikuwa?" Nikamjibu, "Haikuwa."

Tangu siku hiyo mambo yamebadilika kidogo sana, utanicheka. Timu ya kuhesabu ilikuja mwezi wa pili baada yako. Niliwafungulia kontena kwa mkono wangu. Kamba ya plastiki ilikuwa nzima, wakaipiga picha, wakanipiga na mimi picha nimesimama kando yake. Joto lilitupiga usoni kama la tanuri. Ofisa mmoja alishika mfuko wa dripu akasema umepikwa humo ndani, hauwezi kuingia mwilini mwa mtu. Niliposikia hivyo nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijiambia kumbe zilikuwa zimeharibika hata siku ile. Kisha nikakumbuka mvua, na jinsi kulivyokuwa na mawingu wiki nzima, na zile pakiti na klorini ambazo wenyewe walisema hazina neno. Vilivyoharibika walivichimbia shimo wakavichoma. Vizima walivibeba, sijui wapi.

Kliniki bado imefungwa. Watu wa geti hawakuondoka, Mama. Baadhi wamejenga pale pale, vibanda vya matawi na maturubai, ili gari likija tena liwakute. Pampu bado imekufa na nimeona mabomba yake yamekuwa uzio wa mbuzi. Fundi yupo hapo Kakuma, angeitengeneza, lakini kamati inasema pampu ni ya mradi na mradi utarudi. Wiki iliyopita mtoto mmoja aliharisha. Mama yake alimbeba moja kwa moja hadi getini.

Na kweli kuna shirika jipya linakuja. Ndio walioomba barua yangu ya uaminifu. Jumatatu naanza kazi, stoo, pale pale Lopur. Nilipoambiwa hivyo ofisini leo nilishukuru kwa mikono miwili, kisha nikatoka nje. Hapo ndipo nilipoamua kwamba sipandi gari la kurudi kabla sijamwona Akai.

Nimetoka kwake sasa hivi. Amepanga chumba kimoja ng'ambo ya daraja, anasuka vikapu vya majani ya mkoma na kuuza kwa wageni wa hotelini. Amekonda, lakini ana meno yako na ana ile tabia yako ya kumtazama mtu mpaka aseme. Nilisema. Nilimwambia dawa ilikuwepo, ufunguo nilikuwa nao, na hakuna aliyenikataza. Nilikuwa nimejitayarisha kwa lolote. Nilitaka anipige. Nilitaka apige kelele majirani waje. Njiani nilikuwa nimefikiria hata kwamba atanipeleka polisi, na nikaona nafuu.

Akai aliendelea kusuka. Alifika mwisho wa mstari, akakata jani kwa meno, akaniambia, "Kama ungefungua wangekushika. Watoto yako wangekula nini? Hata mimi ningengoja." Alisema hivyo kwa huruma, Mama. Hakuwa na kejeli hata chembe. Nilikaa pale nikitafuta hasira usoni mwake nikaikosa, na nikajua kwamba angekuwa yeye, au yule mzee, au nesi, au mtu yeyote ninayemfahamu kutoka Lokichoggio hadi hapa, ungekufa vile vile, hatua ishirini kutoka kontena. Wewe peke yako ndiye ungefungua, na wewe ndiye uliyekuwa chini.

Nililia mbele yake. Akaninyamazisha kama anavyonyamazishwa mtoto, akanipa maji. Nilipokuwa nasimama kuondoka akaniuliza, "Na hiyo shirika mpya, wanaandika watu?"

Nikasema wanaandika.

Aliinua godoro. Chini yake kulikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko nakala za kitambulisho chake, nyingi, zimeshatayarishwa, hazina mikunjo. Akachomoa moja akanipa kwa mikono miwili.

Nilitaka kukuahidi kitu kingine, Mama Akai. Nimekaa hapa saa nzima nikitafuta ahadi inayokufaa, kwamba siku nyingine nitafungua, kwamba nitawaambia watu watawanyike, na kila nikianza kuiandika naona nadanganya tena, na kwako nimeshadanganya vya kutosha. Gari linajaa, wananiita. Lala, mwalimu wangu. Nisamehe ukiweza, na usipoweza usinisamehe, angalau awepo mmoja asiyenielewa kama Akai alivyonielewa. Nakuahidi hili moja ambalo najua nitalitimiza: Jumatatu asubuhi, kabla ya jambo lolote, nitapeleka jina la binti yako.

Ewoi