Pini Zimeokotwa kwa Ajili ya Paka

Jumamosi, mwezi wa saba

Baridi tangu asubuhi. Mlima Meru hauonekani kabisa, ukungu umeshuka mpaka migombani, na mimi nina hasira ambayo naona haya hata kuiandika.

Namwonea wivu paka.

Aliletwa jana na mke wa mwenye duka la vitambaa, mama mmoja mpole wa Kihindi, baada ya panya kutafuna suruali ya kaki ya karani wa boma. Mume wangu Elia ni fundi cherehani, na chumba anachoshonea ndicho hicho hicho tunacholalia, hapa Daraja Mbili. "Mtunze, fundi," yule mama alimwambia. "Bado mtoto huyu, akiona uzi anakula."

Maneno hayo yalimwingia kweli kweli. Leo hakushona. Tangu chai amepiga magoti, anapitisha sumaku sakafuni, na pini zinatoka hata pale nilipodhani hapana kitu. Nyuzi amezifungia kwenye debe. Pipa la maji limepata kifuniko. Sumu ya panya ameikusanya yote akaifukia nje. Pasi ya mkaa, ambayo siku zote huachwa chini ipoe, sasa inapoa juu ya meza.

Mimi nimeolewa mwaka wa pili huu. Pini za nyumba hii nazijua kwa nyayo zangu. Nikilalamika hunijibu, "Nyumba ya fundi ndivyo ilivyo, Ruti. Vaa viatu."

Paka hajaambiwa avae viatu.

Ningecheka yakaisha, ila nina mimba changa na sijamwambia. Anayejua ni mama yangu tu, aliyeko Moshono. Anataka nihamie kwake mpaka mtoto aweze kutembea. "Kwani mjukuu wangu atambae juu ya sindano?" aliniuliza, nami nikakubali. Kilichobaki ni kumwambia Elia kwamba naondoka. Na sitaki kuondoka. Nampenda mtu huyu, pamoja na pini zake.

Jioni paka alijikunja mapajani mwangu akalala. Elia akakaa huku anajikanda mgongo, akasema paka akishakua kidogo vitu vitarudi mahali pake.

"Visirudi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nina mimba, Elia. Na mtoto atatambaa. Mama anataka nikamlelee Moshono."

Aliitazama cherehani yake. Mwenye duka alishampa nafasi ya kushonea barazani kwake, kama wanavyofanya mafundi wengine, naye akakataa. Hataki kushona chini ya macho ya mtu. Humu ndani hakuna wa kumwamrisha, na jambo hilo analithamini kuliko chakula.

"Jumatatu nahamishia cherehani barazani," akasema. "Mtoto akae hapa."

Hakutabasamu aliposema hivyo. Nimefurahi mpaka machozi yamenitoka, na papo hapo namwonea huruma, maana najua ametoa nini. Nilitaka kumwambia asubiri kwanza, tufikirie njia nyingine. Sikumwambia.

Kesho ni Jumapili, tutakwenda kanisani. Jumatatu yeye atabeba cherehani, nami nitambebea kiti.