Ukweli Kuhusu Kuku wa Kitisuru

Barasa, rika langu,

Nimekaa juu ya kiti chako. Ni kile cha dirishani, hapa Kitisuru, katika hoteli ile ya nyumba ya mawe tulimokula mimi na wewe mara ya mwisho. Nasema tulikula, lakini nilikula mimi. Wewe ulitazama. Leo ni Jumamosi, saa saba na nusu, na nimeagiza kuku. Weita amesema atachukua muda, nikamwomba karatasi, akaniletea hizi za wageni zenye picha ya mti juu. Penseli ni ile bapa ya karakana, kwa hivyo usicheke maandishi yangu, ni manene kama ya mtoto.

Una miezi minane chini ya udongo. Nina jambo la kukuambia, na ndilo lililonitembeza kutoka Westlands hadi huku juani, na koti la harusi mwilini. Lakini nikilisema sasa sitaweza kuendelea. Acha kwanza nikupe habari.

Karakana inafungwa. Sardar, tajiri wetu, ameuza mashine ya kukatia mbao, na mwezi ujao anawafuata watoto wake Uingereza. Siku tuliyokuzika alifunga mlango wa mbele, akakaa ndani peke yake kati ya mbao. Mke wake aliniambia alikataa hata chai. Juzi aliniita akanipa randa yako, ameifunga kwa gazeti. "Chukua, Wanjala. Hii ilikuwa mkono yake." Unajua mimi si mtu wa mbao, mimi ni wa sindano na sponji, lakini niliichukua. Iko chini ya kitanda changu, na bado ina vumbi lako.

Na viti, Barasa! Hoteli za mjini siku hizi zinataka vya chuma na plastiki, vinavyopandana kama sahani. Hakuna wa kuviunda, hakuna wa kuvishonea. Nilikalia kimoja wiki jana dukani vinakouzwa, nikainuka papo hapo. Ungetukana mpaka wakutoe nje.

Nimekumbuka siku tulipopeleka viti kwenye ile hoteli kubwa ya mjini, Wazungu wakiwa bado ndio wenye nchi. Tulipitia mlango wa jikoni, tukavipanga, wewe ukakalia kimoja ili uone kama kinacheza. Hukumaliza hata dakika. Meneja alipiga kelele kutoka mlangoni: "Wewe! Hapana kaa! Simama!" Ukasimama, ukasema ndiyo bwana. Ndani ya lori hukusema neno mpaka Ngara. Ulisema karakanani, wakati unanawa gundi mikononi, bila kunitazama: "Wanjala, hivi viti yote nitakalia. Moja moja."

Mimi nilidhani ni hasira tu. Uhuru ulipokuja ukaniambia nitafute tai.

Tukaanza na hoteli ile ile, Jumamosi ya mshahara. Tai yangu ilikuwa ya mwalimu wa kanisani, yako sikuwahi kuuliza umeitoa wapi. Wewe, hata kukaa hujakaa, ukashika kiti ukakipindua miguu juu, ukaanza kuchungulia chini yake. Mama mmoja wa Kizungu kwenye meza ya pili akainuka na kukusanya sketi yake. Yule weita mkuu, mzee wa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, akaja mbio akakunong'oneza: "Mzee, hapa kunguni hapana." Na wewe kwa sauti ya kanisani: "Mimi sitafuti kunguni. Natafuta jina yangu." Ukamwonyesha ile B uliyokuwa ukiichonga kwa patasi ndani ya fremu, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama. Mzee wa watu aliisoma, akakugeuzia kiti, akakivuta nyuma ili ukae, akasema karibu bwana. Sijawahi kuona mtu akikaa polepole namna ile.

Chakula chenyewe kilikuwa nyama nyembamba, mbichi katikati, imemwagiwa mchuzi wa kahawia. Nilikwambia hivyo hivyo. Ukasema haidhuru, kiti hakichezi. Tangu siku ile tukagawana kazi: mimi nikuambie chakula, wewe uniambie kiti. Na tulikubaliana hakuna kudanganya. Hilo nataka ulikumbuke.

Westlands, kwa yule Mwitaliano, walituletea tambi ndefu, wewe ukazikatakata kwa kisu kama mboga na kuomba kijiko. Ukasema kiti ni chema lakini chakula kile ni cha mtu asiye na kazi. Pale Ngara kwa Wahindi wasiokula nyama hapakuwa na kiti chetu hata kimoja, mabenchi tu, na bado uliniburuta huko kila mwezi kwa sababu ya yule bibi aliyekuwa akipita na ndoo ya dengu, akikujazia sahani bila kukuuliza. Pilipili ilikutoa machozi. Ulisema, "Wacha nilie, huyu mama ananilisha."

Na siku ya matumbo, katika ile hoteli ya mabati upande wa stesheni ya mabasi. Ulipindua kiti kwa mazoea tu, ukaikuta B. Kiti cha hoteli kubwa, kimeuzwa, kimechakaa, ngozi niliyokishonea imepasuka, na juu yake alikuwa amekaa kuli mmoja akila ugali. Ulimnunulia soda. Sijui kama nimewahi kukuona na furaha kama ile. Ulisema huyu ndiye amekaa sawasawa.

Ni siku hiyo hiyo tonge lilikukwama. Ulikunywa maji ukacheka, ukasema ugali wa huyu mtu una mchanga. Mwezi uliofuata ikawa nyama, kisha mkate, kisha hata ndizi ya kupondwa. Daktari akasema ni kansa, imeziba njia ya chakula, na imechelewa.

Viti hivi vya Kitisuru uliviunda ukiishi kwa uji na maziwa. Kumi na viwili, vya mvule. Mimi nilishona nikikutazama ukishikilia meza ili usianguke. Sijawahi kuona kazi kama hii, wala Sardar, na Sardar alizaliwa ndani ya mbao. Kila kiungo kiliingia bila msumari. Tulipovileta huku ukasema lazima turudi tukae, kama kawaida. Nikakuuliza tutakaa tukifanya nini, Barasa? Ukasema: "Wewe utakula. Mimi nitakula na maskio."

Na ndivyo tulivyokuwa tukifanya miezi ile. Nilikuja kwako kila Jumapili nikakueleza nilichokula wiki nzima, na wewe umefumba macho. Kama nimekula omena ulitaka kujua kama imekaangwa na nyanya au bila. Mkeo, Mama Nafula, alikuwa akitoka nje, hakuweza kusikiliza. Siku moja ulifungua macho ukaniambia, "Mama yako alikosea. Hii jina Wanjala ilikuwa yangu." Mimi niliyezaliwa mwaka wa njaa nilikuwa nimenenepa, na wewe mkanda ulikuwa unazunguka kiuno mara mbili.

Siku tuliyokuja kukaa hapa, Sardar alituleta kwa pikapu yake, akatuacha getini. Ulitembea kutoka getini hadi mlangoni ukipumzika kwenye kila mti. Ulikataa kiti kingine, ukataka hiki cha dirishani. Hukukipindua, hukuwa na nguvu. Nilikipindua mimi, nikakuonyesha B, ukaitikia kwa kichwa. Ukaagiza maziwa ya moto, na mimi ukaniagizia kuku, ukisema mtu wa kwetu magharibi hawezi kufa kama hajui kuku wa Kitisuru.

Kuku akaja. Nikakata, nikatia mdomoni. Ukaegemea mbele, ukafumba macho, ukauliza: "Iko aje?"

Nikasema: "Haina kitu, Barasa. Ni kama natafuna karatasi. Hakuna kitu unakosa."

Ulifungua macho ukanitazama muda mrefu. Nikaendelea kutafuna nimekunja uso, mchezaji mzuri wa michezo ya kuigiza. Ukaweka kiganja juu ya mkono wa kiti, ukaupapasa, ukasema: "Basi hii yote nimetengenezea watu wakae wakule karatasi." Maziwa hukuyamaliza. Ndani ya pikapu hukusema neno mpaka Ngara, na mimi nilikuwa nimeshawahi kukuona ukinyamaza hivyo mara moja tu.

Wiki tatu baadaye tulikupandisha basi la kwenda nyumbani ndani ya sanduku. Kitambaa cha ndani ya sanduku sikukishona mimi, Barasa. Nilijaribu, vidole vilikataa.

Baada ya matanga Mama Nafula aliniita nyuma ya nyumba. Hakujua anachoniambia. Alisema siku zako za mwisho ulikuwa ukirudia kwamba kazi yako nzuri kuliko zote umeipeleka mahali pabaya. Alitaka kujua ni wapi, na ni ubaya gani. Nikamwambia sijui. Huo ukawa uongo wa pili.

Watu wakisikia watasema nilikuonea huruma. Ningependa iwe hivyo. Siku nyingi nilijiambia hivyo mwenyewe, nikilala. Lakini haikuwa huruma, rika langu, na hili ndilo nililokuja kusema. Tonge la kwanza lilipoingia nilikusahau. Mate yalinijaa, na kwa muda ule wote wewe hukuwepo mezani, kansa haikuwepo, nilikuwepo mimi na kuku. Nilichokuwa nikiwaza uliponiuliza ni kama nikiagiza sahani ya pili utaniona mlafi. Nikaona aibu. Nilikudanganya ili usijue kwamba nafurahi mbele yako. Na ulipokwenda msalani ukishikwa mkono na weita, nililamba vidole. Nililamba na sahani.

Tangu hapo nakula nimeinamisha kichwa. Nyumbani mke wangu huuliza kama chumvi imezidi. Sikanyagi hoteli. Kwa yule bibi wa dengu nilipita nikavuka barabara.

Sahani imefika. Ngoja.

Sasa fumba macho, kama bado unayo.

Ngozi yake ni kavu, rangi ya mvule uliopigwa vanishi mara mbili. Ukiikata inalia. Chini yake kuna mafuta kidogo, yameyeyuka yakaingia kwenye nyama, si yale ya kuganda mdomoni. Kuna limau, umelisikia? Halifiki mwanzo, linakuja ukishameza. Kuna kitunguu saumu, na majani fulani siyajui, weita naye hayajui. Nyama ya paja inaachana na mfupa yenyewe. Halafu moshi. Sikuutaja siku ile na ndio uliokuwa mkubwa. Wanamchoma kwa kuni nyuma ya nyumba, na moshi wake ni ule wa jikoni kwa mama zetu, kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni na sisi tumefukuzwa nje, tumekaa ukutani tukinusa. Ulikuwa unaujua. Ningesema neno moja tu, moshi, ungeupata wote. Nilikunyima kitu ambacho koo lako halikuhitaji kukimeza.

Viti vyako viko mahali pazuri, Barasa. Watu wanaokaa hapa wanakula vizuri. Meza ya pili yuko mzee mmoja na binti yake, wote ni watu weusi kama sisi, na mzee ameegemea kiti chako amefungua kifungo cha suruali. Hakichezi.

Nakuahidi hivi. Zile hoteli zilizobaki zenye viti vyako nitazimaliza, Jumamosi moja moja. Nitakuambia ukweli, chakula kikiwa kibaya ni kibaya, na kikiwa kitamu nitasema ni kitamu hata kama utaumia. Na Mama Nafula nitamwandikia leo leo, nimwambie ubaya ulikuwa wangu.

Nimekuja na sindano iliyopinda na uzi wa nta. Nikimaliza hapa nitakipindua kiti, nifumue mshono wa gunia la chini niliouweka mwenyewe, niiweke barua hii ndani karibu na B, nishone tena. Weita ameshaanza kunitazama. Akija kuniambia kuhusu kunguni ninajua la kumjibu.

Lala salama, fundi. Sahani nimemaliza, na mifupa, na ya pili nimeagiza bila kumficha mtu.

Kuna kitu ulikosa.

Ni mimi rika lako, Wanjala, nimeshiba.