Mkanda wa Sendofu ya Veronika

Jumamosi. Upepo mkavu umevuma tangu asubuhi, na meza niliyoifuta mara mbili imejaa vumbi tena. Nina hasira, lakini ni hasira iliyotulia, ya mtu aliyekwisha kuhakikisha kwamba hakukosea.

Juzi nilimpelekea fundi mmoja wa mjini mkanda wa video wa sendofu ya dada yangu, Veronika, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Ndio pekee uliobaki na sauti ya marehemu mama yetu. Unga wake, ule unaoshika picha na sauti, umeanza kupukutika. Kila unapochezwa, kitu fulani humo hupotea moja kwa moja. Nilitaka uhamishiwe kwenye kompyuta kabla haujanyamaza.

Kompyuta yake ilikataa. Skrini ikawa nyeusi, na maandishi yakatangaza kwamba kazi hii inalindwa, hairuhusiwi kunakiliwa.

Fundi alinionyesha lebo: filamu ya kigeni ya mapigano. "Mwalimu, hii ni mali ya watu. Mashine ikishakataa, mimi ni nani?"

"Wewe ni fundi," nilimjibu. "Na anayezungumza humo ni mama yangu."

Akaniuliza kama mama alikuwa anacheza karate. Nilikaribia kucheka. Sikucheka.

Nakiri kwamba chanzo ni sisi. Enzi zile mkanda mtupu ulikuwa adimu. Tulichukua filamu ya dukani, tukaziba kwa selotepu kitundu cha ubavuni kinachozuia kurekodi, tukarekodi juu yake. Kila nyumba niliyoijua ilifanya hivyo.

Aliyeziba ni mimi.

Leo nimeketi na mkanda huo hapa nyumbani, Area D, kwa deki ya video ya kuazima na kompyuta yangu, nikafikiri badala ya kulalamika. Alama ya ulinzi hukaa ndani ya picha yenyewe. Ukirekodi juu ya picha, alama nayo inafutika. Basi kompyuta iliiona wapi? Mwanzoni tu. Mpiga picha aliuacha mkanda utembee kidogo kabla ya kuanza kurekodi, na kipande hicho bado ni filamu. Kompyuta ilikutana nacho, ikafunga mlango, haikujali tena kilichofuata.

Nikausogeza mkanda hadi filamu ilipokatika, ndipo nikaanza kunakili.

Haikukataa.

Mama akatokea, kitenge begani, kipaza sauti amekishika mbali mno. "Veronika, ukichoka, sema umechoka. Usiseme unaumwa kichwa." Picha ilitetemeka, vigelegele vikamfunika, lakini maneno yalifika mazima.

Haki ya waliotengeneza filamu naiheshimu. Sikuchukua hata sekunde yao. Ila sitamwomba mtu yeyote, wala mashine yoyote, ruhusa ya kumsikia mama yangu.

Nakala imekwisha kufika Haneti anakoishi Veronika, kwenye simu yake. Ameisikiliza mara nne, na mume wake amelazimishwa kukaa na kusikiliza. Ameniuliza kama anaruhusiwa kuwatumia wengine.

Nimemjibu ampe kila atakayeomba. Kufuli humo hakuna, na mimi sitaliweka.