Mtani Hadaiwi Asali

Mdogo wangu Mihayo,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, hata kama hujaitoa. Najua ukiifungua bahasha utasema, "Dada naye, karatasi zama hizi?" Karatasi, ndiyo. Simu nimeizima, na sababu utaikuta humuhumu ukitulia. Barua anakuja nayo jirani yangu mmoja anayepanda treni kwenda kwao Tabora mjini, naye ataikabidhi kwa watu wa basi la Sikonge. Isome peke yako kwanza. Ukimaliza ndipo uamue cha kumwambia Baba.

Hamjambo nyote? Mgongo wa Baba unamwacha alale? Shangazi amepona kifua? Mimi mwili mzima, nakula, nalala. Roho usiniulize, maana nikikujibu nitakutukana kabla ya wakati.

Tangu nije Dar hamjawahi kuniuliza nafanya kazi gani hasa. Kwenu mimi ni "Nyamizi yuko kwenye kompyuta," basi. Sasa leo utajua. Bi Tausi, tajiri yangu, ana duka la asali lisilo na mlango wala kaunta, liko kwenye tovuti tu. Mtu akiandika kwenye simu yake "asali ya Sikonge", mashine ya kutafutia inamletea orodha ndefu, na binadamu ni wavivu, hakuna anayeshuka mpaka chini. Anabonyeza la kwanza, likimshinda anabonyeza la pili, amemaliza. Kazi yangu ilikuwa kumpandisha Bi Tausi huko juu.

Na hapandishwi kwa kupiga kelele. Mashine ile inampenda anayelijua jambo moja mpaka mizizi. Kwa hiyo unapanga maneno yako kama kaya ya kwetu: nyumba ya mkubwa katikati, ndio ukurasa mama, unaosema habari yote ya asali kwa ufupi. Kuizunguka unajenga vijumba, kimoja cha mizinga ya magome, kimoja cha maua ya miti ya miyombo, kimoja cha moshi wa kutulizia nyuki, na kila kijumba kina njia ya kurudi kwa mkubwa. Hakuna kijumba kinachosema habari ya nguo wala ya mpira. Mashine ikipita inaona ukoo mmoja, inasema hawa ndio wenyewe, inawaweka mbele.

Siyo kama ukurasa wa kikundi chenu cha warina asali, Mihayo. Nikuambie ukweli na uumie: ule si ukurasa, ni jalala. Asali ipo, na hapohapo tangazo la kwaya ya usharika, mbuzi wa mwenyekiti aliyepotea, pole za msiba, na wewe mwenyewe umevaa miwani ya jua juu ya baiskeli. Mtu anajiuliza, hawa wanauza asali au wanatafuta mbuzi? Mlikuwa mnapata wateja kwa sababu moja tu, hakukuwa na mwingine aliyeandika neno Sikonge.

Akaja kuandika mwingine. Dada yako.

Sasa tulia nikueleze ya Bi Tausi. Ni Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za mababu. Unajua maana yake. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni akasema, "Mnyamwezi! Mzigo umeutua wapi?" Nikamjibu, "Nimeutua mlangoni, nimekuja kukuzika kwanza." Ofisi nzima ikacheka. Nikajisikia nimefika kwa watu wangu. Kila asubuhi ilikuwa hivyo, ananiita punda wa Waarabu, mimi namwita mla nazi asiyejua jembe. Chakula changu anakichukua mezani mbele ya macho yangu, nami namwachia, maana mtani akichukua amechukua. Siku moja aliniambia wazi, "Mimi nitawanyang'anya watu wa kwenu mpaka mzinga wa mwisho, na mtanishukuru." Nilicheka mpaka machozi. Mjinga mimi! Angesema Mhaya ningeuliza mara mbili. Kasema Mzaramo, nikacheka.

Na Baba ndiye aliyefurahi kuliko mimi. Nilipompigia kumwambia tajiri yangu ni Mzaramo alipiga kelele mpaka nikaisogeza simu. "Mzaramo? Mpe kila anachotaka! Mtani hanyimwi wala hadaiwi. Wazee wetu walikuwa wanafika pwani wamechoka, miguu imepasuka, Mzaramo anawatukana huku anawapa maji." Bi Tausi akaninyang'anya simu. "Wewe mzee, mababu zako walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu, na wewe utanibebea asali, na senti sikupi!" Baba akamjibu, "Nitakuja kukuzika bila sanda, mchawi wewe!" Wakacheka wote wawili. Nilimpenda Bi Tausi siku ile, Mihayo, nakuambia kweli.

Basi ndipo nikaanza kumchota Baba. Wewe ulimwona. Ile simu ya kikundi kaiweka kwenye mfuko wa shati, anapanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba kwa sababu ndipo mtandao unaposhika, ananihadithia. Muyombo unachanua lini na nyuki wanahama vipi. Mzinga unausikiliza kwa sikio kabla hujaupandia. Asali ya maua haya ni nyeupe, ya yale ni nyekundu na inakereketa kooni. Kila alichosema nilikipa kijumba chake. Akimaliza ananiuliza, "Mtani wangu amefurahi?" Namwambia amefurahi. "Basi kesho nitamweleza habari ya malkia."

Tukapanda. Tukapanda mpaka juu kabisa, na wateja wakamiminika. Na asali anayouza Bi Tausi unajua inatoka wapi? Sijui. Na yeye hajui. Inakuja kwenye madumu, anaipima kwenye chupa, anabandika neno Sikonge. Mzinga hajauona hata kwenye ndoto.

Halafu wewe ukanipigia. "Dada, simu ya kikundi haiiti tena, au mtandao umeharibika?" Nikakwambia labda mtandao. Kisha nikatafuta mwenyewe, nikashuka, nikashuka, ukurasa wenu nikaukuta chini huko ambako hafiki mtu, pamoja na mbuzi wenu. Na mwezi uliofuata ukapiga tena. "Baba anashinda kichuguuni, anasema labda wanapiga akiwa ameshuka." Nikakata simu, nikaenda msalani kulia.

Nikamwendea Bi Tausi. Sikumwomba makubwa. Nilimwomba mstari mmoja kwenye ukurasa mama, useme: wenye elimu hii ni warina asali wa Sikonge, namba yao hii hapa. Alikuwa anakula mihogo, hakuacha kutafuna. "Siku ya kwanza nilikuambia nitawanyang'anya, ukacheka. Leo unalia nini? Au siku hizi Wanyamwezi wanadai kwa mtani?" Wenzangu wakacheka kama kawaida. Mimi sikucheka, na ndipo nikaona kwamba yeye pia hakuwa anacheka. Akaongeza, "Na ile picha ya baba yako akiwa kwenye moshi, iliyo kwenye ukurasa wao, iweke mbele. Andika chini yake Mzee Rajabu, mrina asali wetu."

Mzee Rajabu! Baba yetu, mzee wa kanisa la Moravian, aliyekubatiza wewe kwa mkono wake siku mchungaji alipochelewa na wewe ukiwa mahututi. Nikasema, "Bi Tausi, yule ana jina." Akasema, "Alikuwa nalo. Mtani kalichukua."

Nikarudi kwenye kiti changu. Nilichukua kila kijumba nilichokijenga, kimoja kimoja, nikazigeuza njia zake zote. Kila mlango uliokuwa unarudi kwa Bi Tausi nikauelekeza kwenye ukurasa wa kikundi chenu. Ukurasa mama nao hivyohivyo. Ule wenu nikauingia kwa maneno ya siri uliyowahi kunipa, nikatupa mbuzi, nikatupa kwaya, nikatupa miwani yako, nikaacha picha ya Baba na jina lake kamili na namba ya simu iliyo mfukoni mwake. Nikabadilisha maneno ya siri ya kuingilia kwenye tovuti, nikachukua mkoba wangu. Bi Tausi nikamwandikia kwenye simu: "Mtani, nimechukua. Hakidaiwi." Kwisha.

Sijafika hata kituoni simu inalia. Kwanza matusi. Kisha kilio. Kisha, "Nyamizi mwanangu, ule ulikuwa utani tu." Mkuki kwa nguruwe! Nilisikia raha, Mihayo, sikufichi, raha ya kishetani. Atapata fundi wa kumfungulia, lakini si leo wala kesho. Nikakaa kwa mama ntilie, nikaazima simu yake, maana yangu haikuacha kulia, nikaandika "asali ya Sikonge". Cha kwanza kabisa kikanileta kwa Baba, uso wake kwenye moshi. Nikaagiza wali na nyama.

Ndipo nikaufungua ujumbe wako wa sauti uliokuwa umekaa tangu asubuhi.

Nimeusikiliza mara nyingi. Unasema yule bwana wa tumbaku anayetafuta kuni amekuja na watu wake na misumeno. Unasema Baba mwenyewe ndiye aliyewapeleka porini, akawaonyesha mti mmoja mmoja, maana yeye ndiye anayejua ipi mikavu na ipi inawaka vizuri kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Unasema mizinga ilishuka na matawi yake, nyuki wakaning'inia kwenye kisiki kitambo kidogo kisha wakaondoka. Na Baba kasema, "Asali haina mnunuzi. Tumbaku inaye." Halafu nyuma ya sauti yako misumeno inalia, na wewe unaniuliza kama kazi inaendelea vizuri.

Ungenipigia! Wewe kichwa maji, ungenipigia kabla mti wa kwanza haujaanguka! Ulikuwa na simu ya kutangaza mbuzi, hukuwa na simu ya kutangaza hili? Na Baba naye, anamsubiri mteja kichuguuni kama anasubiri treni, halafu anachoka asubuhi ileile ninayomletea. Nimewachukia nyote wawili, nikajichukia na mimi niliyekwambia labda mtandao. Wali ule sikuumaliza, na simu nikaizima.

Nisalimie Shangazi, mwambie dawa ya kifua itakuja na mtu. Nisalimie mchungaji na mama mchungaji. Nisalimie mwenyekiti wa kikundi, mbuzi wake apatikane au asipatikane. Na yule bwana wa tumbaku msalimie pia, mwambie muyombo ulioliwa na nyuki miaka yote ile una moshi mtamu, tumbaku yake itanukia.

Nyumbani nitakuja, lakini si wiki hii. Sina uso wa kumwonyesha mzee.

Sasa nisikilize la mwisho. Ukiipata barua hii simu itakuwa imeanza kuita. Wataita wa Dar, wa Arusha, wa Mwanza, wote wanataka asali ya Sikonge kwa mwenyewe, hawataki ya madumu. Usimnyang'anye Baba simu ukidhani unamwonea huruma. Alipanda kichuguu kile muda wote huo akiisubiri iite. Mwache aipokee mwenyewe, ajitaje jina lake, asikie mtu wa mbali akimwita Mzee kwa heshima, aulizwe bei.

Halafu awaambie hakuna.

Ni mimi dada yako,
Nyamizi